Barua ya wazi: Vipimo vya vinasaba vya viinitete vipimwe vyenyewe kabla ya kuuzwa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mkemia Mkuu wa Serikali,
Msajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika,
Msajili wa Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya.

YAH: VIPIMO VYA KIMOLEKULI VYA UBORA WA KIINITETE KATIKA TIBA YA UGUMBA

Waheshimiwa,

Naandika nikiwa mtaalamu wa maabara ya viinitete, mmoja wa wale wanaofanya kazi nyuma ya mlango ambao wagonjwa hawaruhusiwi kuupita, ambako yai la mama na mbegu ya baba hukutanishwa, na kiinitete kinachopatikana hutunzwa kwa siku tano au sita kabla ya kurudishwa katika mji wa mimba. Vipimo vya kimolekuli, yaani vinavyochunguza DNA au kemikali za kiinitete, vinavyodai kutambua kiinitete kipi ni bora vimeanza kuwafikia wanandoa wetu, baadhi kupitia kliniki za nyumbani zinazotuma sampuli nje, na baadhi kupitia hospitali za nchi wanakokwenda kutibiwa, India ikiwa mojawapo. Mpaka leo sijaona mwongozo wa Kiswahili unaomweleza mwananchi wa kawaida kipimo kipi kati ya hivyo kimethibitishwa, kwa nani, na kwa dai gani. Naomba mwongozo huo uandikwe. Zaidi ya hapo, naomba ipigwe marufuku kutupa kiinitete kwa sababu tu ya majibu ya kipimo ambacho uwezo wake wa kukosea haujajulikana vya kutosha.

Ugumba si shida ya watu wachache. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 6 duniani hukutana nao katika maisha yake. Kwetu mzigo wake humwangukia zaidi mwanamke, hata pale tatizo linapokuwa la mume, na wote mnajua ndoa ngapi zimevunjika kwa neno la wifi au mama mkwe. Watu hufika kliniki baada ya kuuza kiwanja, kukopa kwenye chama cha akiba, au kuchangiwa na ndugu. Mfa maji haachi kutapatapa, na mtu aliye katika hali hiyo akiambiwa kuna kipimo cha nyongeza kitakachoongeza nafasi yake ya kubeba mtoto, hatauliza ushahidi uko wapi. Atauliza ni shilingi ngapi, kisha atazitafuta. Ndiyo maana kazi ya kuuliza ushahidi haiwezi kuachwa kwa mgonjwa.

Niseme kwanza kwa haki kwa nini wanasayansi wanavitafuta vipimo hivi. Tangu Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa maabara, azaliwe Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, uchaguzi wa kiinitete umefanywa kwa sehemu kubwa kwa macho. Tunaweka kiinitete chini ya hadubini, tunatazama seli zimegawanyika kwa mpangilio gani, na kikifika hatua ya blastosisti, yaani kiinitete cha siku ya tano au ya sita, tunakipa alama kwa utaratibu uliochapishwa mwaka 1999, yaani namba ya 1 hadi 6 kwa jinsi kilivyotanuka, na herufi A hadi C kwa kundi la seli za ndani na kwa safu ya nje. Utaratibu huu ni mzuri lakini una mipaka. Kiinitete chenye sura ya kupendeza kinaweza kuwa na kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli, 45 au 47 badala ya 46, na uwezekano huo hupanda kadiri umri wa mwanamke unavyosogea, hasa baada ya miaka 35. Kiinitete chenye sura ya kawaida tu nacho kinaweza kuzaa mtoto mwenye afya. Kwa hiyo haja ya kuona kilichomo ndani ni ya kweli kabisa, na siwabezi wanaoitafuta.

Shida ni kwamba historia ya utafutaji huo imejaa viashiria vilivyoanza kwa matumaini makubwa na kuishia kwa ukimya. Protini iitwayo HLA-G, inayopatikana katika maji ya lishe ambamo kiinitete hukuzwa, ilitoa majibu yanayopingana kutoka maabara moja hadi nyingine. Upimaji wa kemikali za maji hayo kwa mwanga wa infraredi ulitengenezewa mashine ya kuuzwa, lakini majaribio ya Uswidi na Uholanzi yaliyochapishwa mwaka 2012, ambamo wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili, hayakuonyesha ongezeko la mimba. Kiasi cha DNA ya mitokondria, vijisehemu vinavyoipa seli nguvu, katika seli za kiinitete kilitangazwa mwaka 2015 kuwa ishara ya kama kitajishikiza au la, na kabla ya miaka mitatu kupita watafiti wengine walikuwa wamepima viinitete vyao na kutoona tofauti hiyo. Yote hayo ni mwendo wa kawaida wa sayansi. Lililo baya ni kwamba baadhi ya vipimo hivyo vilikwisha kulipiwa na wagonjwa kabla jawabu halijapatikana.

Kinachouzwa zaidi leo ni hesabu ya kromosomu, inayojulikana kwa kifupi cha PGT-A, na naomba nieleze inavyofanyika, kwa sababu makosa yake yanatokana na namna sampuli inavyopatikana. Siku ya tano au ya sita kiinitete kina seli mia moja na kitu, pengine mia mbili, na hakifiki hata nusu ya milimita. Tunakishika kwa mrija mwembamba wa kioo, tunatoboa ganda lake kwa leza, na kwa mrija wa pili tunavuta seli 5 hadi 10 kutoka safu ya nje, safu ambayo baadaye itakuwa kondo la nyuma. Kundi la ndani, litakalokuwa mtoto, haliguswi. Seli hizo huingizwa katika kichupa cha plastiki, na kiinitete chenyewe hugandishwa kwa haraka na kuhifadhiwa katika nitrojeni ya kimiminika kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Seli moja ina takriban pikogramu 6 za DNA, kiasi kidogo mno, hivyo maabara ya vinasaba hulazimika kwanza kuinakili mara nyingi ndipo iisome. Kasoro ya unakili, uchafu mdogo wa DNA ya mtu mwingine, au bahati tu ya seli zipi zilichukuliwa, vyote huonekana katika majibu kana kwamba ndiyo hali ya kiinitete kizima. Ni sawa na kuonja ukoko wa pembeni na kutoa hukumu juu ya sufuria zima la wali.

Ushahidi wa kipimo hiki unapaswa kusomwa wote, si ule unaopendeza. Toleo lake la kwanza, lililochukua seli moja siku ya tatu na kutazama kromosomu chache kwa rangi, lilitumika katika nchi nyingi kwa miaka kabla ya jaribio la Uholanzi la mwaka 2007. Wanawake 408 wenye umri wa miaka 35 hadi 41 waligawanywa kwa bahati nasibu. Waliofanyiwa kipimo walijifungua kwa asilimia 24, na wasiofanyiwa kwa asilimia 35. Kwa maneno mengine, kipimo kilichouzwa kama msaada kiliwapunguzia wanawake nafasi ya kupata mtoto, na hakuna aliyejua mpaka mtu alipojitokeza kulinganisha makundi mawili kwa uaminifu.

Toleo la sasa, la blastosisti na usomaji wa kromosomu zote, ni bora zaidi, na nalisema hilo bila kusita. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2021 ulipandikiza viinitete kabla ya wataalamu kuyaona majibu ya kipimo, na kati ya viinitete 102 ambavyo baadaye vilionekana kuwa na kasoro ya kromosomu nzima, hakuna hata kimoja kilichozaa mtoto. Hapo kipimo kiliona jambo la kweli. Lakini mwaka huohuo wa 2021 jaribio kubwa la China liliwachukua wanawake 1,212 wenye umri wa miaka 20 hadi 37 waliokuwa na angalau blastosisti tatu nzuri, na likahesabu watoto waliozaliwa kutokana na upandikizaji wa hadi viinitete vitatu kwa zamu. Waliopimiwa walipata asilimia 77.2, na wasiopimiwa asilimia 81.8. Jaribio la mwaka 2019 lililofanyika katika nchi nne lilipata mimba zilizoendelea kwa asilimia 50 kwa waliopimiwa na 46 kwa wasiopimiwa, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na uzito.

Inakuwaje kipimo kinachoona kweli kisiongeze watoto? Swali hili ndilo kiini cha barua yangu, na jibu lake ni jepesi kuliko linavyoonekana. Kipimo hakitengenezi kiinitete kipya. Kazi yake yote ni kupanga foleni ya vile vilivyopo, au kuviondoa baadhi kwenye foleni. Mwanamke mwenye viinitete vinne, kimoja kikiwa na uwezo wa kuwa mtoto, atafika kwenye hicho kimoja iwe kwa kipimo au kwa kupandikizwa kimoja baada ya kingine. Kipimo kinaweza kumfupishia safari na kumwepusha na mimba ya kuharibika, na hilo si jambo dogo kwa mwanamke ambaye mimba zimemtoka mara kwa mara au mwenye umri uliosogea. Lakini kikikosea na kukiondoa kile kimoja, amepoteza kila kitu. Kwa hiyo uzito wa kosa la kipimo si uleule kwa kila mtu, bali hutegemea viinitete vingapi viko mkononi.

Sasa tazameni wagonjwa wetu ni nani. Katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara, sababu inayoongoza kwa wanawake wengi ni mirija ya uzazi iliyoziba kutokana na maambukizi, mengine yakitokana na uzazi au kuharibika kwa mimba kusikohudumiwa vizuri. Wengi wao bado ni vijana, na mayai yao yana afya. Tatizo lao ni mirija, si kromosomu, na kipimo cha kromosomu hakina kikubwa cha kuwasaidia. Wengine hufika wakiwa wamechelewa sana, baada ya miaka ya waganga na dawa za kienyeji, wakabahatika kupata kiinitete kimoja au viwili tu. Hao ndio wenye hatari kubwa zaidi ya kupoteza kwa kosa la kipimo, na kwa masikitiko ndio hao wanaohimizwa zaidi kukilipia.

Wanandoa fulani waliniletea karatasi ya majibu kutoka maabara ya nje. Ilikuwa ya Kiingereza tupu, yenye jedwali la viinitete vitatu. Cha kwanza kiliandikwa kuwa ni cha kawaida, cha pili si cha kawaida, na cha tatu kiliwekwa katika kundi la mozaiki, yaani chenye mchanganyiko wa seli za kawaida na zisizo za kawaida, kwa asilimia 40. Mume aliniuliza kama maana yake mtoto angekuwa mgonjwa kwa asilimia 40. Mke hakuuliza maana ya namba. Alitaka kujua kiinitete hicho cha tatu kiko wapi sasa, kwa kuwa kile cha kawaida kilikwisha kupandikizwa na hakikushika. Kilikuwa kimetupwa. Fomu waliyosaini, nayo ya Kiingereza, ilitoa ruhusa ya kuteketeza viinitete visivyofaa kupandikizwa, bila kusema ni nani anayeamua kwamba hakifai na kwa kigezo gani.

Nilipaswa kuwaeleza, kwa sauti ya chini kadiri nilivyoweza, kwamba asilimia 40 ilikuwa makisio yaliyotokana na seli chache za safu ya nje. Sikuona namna ya kuwaficha kwamba tangu mwaka 2015 madaktari wa Italia walikwisha kuchapisha habari za wanawake 18 waliokubali kupandikizwa viinitete vya namna hiyo, na watoto 6 wenye afya wakazaliwa. Wala sikuwaficha kwamba utafiti mwingine ulioongozwa na Waitalia, wa mwaka 2021, ulipandikiza viinitete vyenye mchanganyiko wa kati ya asilimia 20 na 50 bila wataalamu wa kliniki kujua kipi ni kipi, na kiwango cha watoto waliozaliwa kikawa karibu sawa na cha viinitete vilivyosomeka kuwa vya kawaida. Majibu haya yalikuwa yamechapishwa, na aliyewauzia kipimo alikuwa na wajibu wa kuyajua.

Kuna kipimo kingine ambacho naomba mkitazame kwa makini kuliko vyote, kwa sababu ndicho kitakachokuja kwa kasi. Kiinitete kinapokua katika tone la maji ya lishe, huachia humo vipande vya DNA. Mwaka 2016 watafiti wa China walionyesha kwamba vipande hivyo vinaweza kusomwa, na kromosomu za kiinitete zikakadiriwa bila kukigusa. Wazo hili linavutia mno. Halihitaji leza wala mtaalamu wa kukata seli, na kliniki yoyote inaweza kunyonya tone, kulituma kwa ndege, na kusubiri barua pepe. Lakini katika utafiti wa vituo vingi uliochapishwa mwaka 2020, uliohusisha blastosisti 1,301, majibu ya maji ya lishe yalilingana na majibu ya seli za safu ya nje kwa asilimia 78.2. Maana yake ni kwamba takriban kipimo kimoja kati ya vitano kilisema jambo tofauti, na kinalinganishwa na kipimo ambacho chenyewe hukosea. Moja ya sababu ni DNA ya mama. Yai hutolewa likiwa limezungukwa na maelfu ya seli zake, na sisi tunazisafisha kwa mkono chini ya hadubini. Chache zikibaki zimeng'ang'ania ganda, tone lile litakuwa na DNA ya mama, na kiinitete chenye kasoro kitasomeka kuwa cha kike na cha kawaida.

Yaliyotokea Australia yanatosha kuwa onyo. Kampuni ya Monash IVF, ya Melbourne, mji ambako mtoto wa kwanza wa Australia wa njia hii alizaliwa mwaka 1980, ilianza mwaka 2019 kuwapa wagonjwa kipimo cha kiinitete kinachotegemea DNA iliyo nje ya seli. Oktoba 2020 ilikisimamisha. Wagonjwa walifungua kesi ya pamoja katika Mahakama Kuu ya jimbo la Victoria, wakidai kwamba usahihi wa kipimo ulielezwa kupita kiasi na kwamba viinitete vilivyokuwa na uwezo wa kuzaa watoto viliharibiwa kwa majibu yasiyo sahihi. Agosti 2024 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 56 za Australia, bila kukiri kosa, kwa madai yaliyohusisha wagonjwa zaidi ya 700. Hiyo ni nchi yenye utaratibu wa ithibati kwa kliniki za uzazi, yenye wanasheria wa kesi za pamoja, na yenye wagonjwa waliojua pa kwenda. Mwanamke wa Singida au wa Mtwara aliyepoteza kiinitete chake kwa namna hiyo ataanzia wapi? Wala fidia yoyote haimrudishii mwanamke wa miaka 41 kiinitete kilichotengenezwa kwa yai lake la miaka 38.

Waheshimiwa, sitaki mnielewe kwamba naomba milango ifungwe. Ipo kazi ya kimolekuli juu ya kiinitete ambayo nchi hii inaihitaji kuliko nyingi. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kila mwaka Tanzania. Mwaka 1999 madaktari wa New York walitangaza mimba ya kwanza iliyopatikana baada ya kuchagua viinitete visivyo na ugonjwa huo, kwa wazazi waliokuwa wote wawili wamebeba jeni yake. Hapo swali ni moja na liko wazi, badiliko moja katika jeni moja, ambalo linajulikana kwa wazazi kabla hata ya kiinitete kutengenezwa. Kipimo cha namna hiyo hakidai kukisia ubora, bali hujibu swali lililoulizwa na familia iliyokwisha kuuguza au kuzika mtoto. Ningependa kuona siku moja huduma hiyo ikipatikana Muhimbili kwa bei ambayo mtumishi wa kawaida anaimudu. Kuichanganya kazi hii na biashara ya alama za ubora kunaichafua bure.

Ninachoomba kwanza ni orodha ya wazi. Uingereza wana mamlaka inayosimamia utungishaji na viinitete, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1990, na mamlaka hiyo huzipa rangi huduma za nyongeza zinazouzwa na kliniki. Uzuri wa utaratibu wao ni kwamba rangi hupewa dai, si kipimo. PGT-A imepewa nyekundu kwa dai la kuongeza nafasi ya kupata mtoto kwa wagonjwa wengi, na kijani kwa dai la kupunguza kuharibika kwa mimba. Mgonjwa akisoma hivyo anajua hasa ananunua nini. Wizara inaweza kuunda jopo dogo, lenye daktari wa uzazi, mtaalamu wa viinitete, mtaalamu wa vinasaba, mtakwimu na wagonjwa wenyewe, likaandika orodha ya namna hiyo kwa Kiswahili na kuihuisha kila mwaka, na kliniki zikalazimishwa kuibandika mahali pa malipo.

La pili ni ulinzi wa kiinitete chenyewe. Kisitupwe kwa majibu ya maji ya lishe, wala kwa mchanganyiko, wala kwa kiashiria chochote ambacho orodha hiyo haijakipa kijani. Kigandishwe, wanandoa waelezwe kwa lugha wanayoielewa, wapewe muda, kisha waamue kwa maandishi. Wenye kliniki watasema kuhifadhi kuna gharama, na ni kweli, nitrojeni si maji ya bomba. Lakini gharama ya mwaka mmoja wa kuhifadhi ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya kuanza upya kuchoma sindano, kuvuna mayai na kulipia kila kitu.

La tatu linamhusu Mkemia Mkuu wa Serikali moja kwa moja. Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 ilikwisha kuweka usimamizi wa ukusanyaji, usafirishaji, uchunguzi na uteketezaji wa sampuli za DNA ya binadamu chini ya ofisi yake. Wananchi wengi wanaifahamu kwa kesi za uhalali wa mtoto na za jinai, lakini seli tano za kiinitete zinazopanda ndege katika barafu kavu ni DNA ya binadamu vilevile. Naomba utolewe mwongozo mahususi wa sampuli hizi, unaoeleza maabara zipi za nje zinakubalika, zithibitishe nini kabla ya kupokea sampuli, na data inayobaki kwao inatumikaje. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa jambo hilohilo. Mwongozo huo pia ukataze maabara kutaja jinsia ya kiinitete katika majibu pasipo sababu ya kitabibu. Kila hesabu ya kromosomu huonyesha X na Y, na India, ambako wagonjwa wetu wengi huenda, ilikwisha kulazimika tangu mwaka 1994 kutunga sheria dhidi ya uchaguzi wa jinsia. Tusisubiri mpaka tufike huko.

La nne ni hesabu. Kliniki inapotangaza asilimia ya mafanikio kwa kila kiinitete kilichopandikizwa baada ya kupimwa, imewaacha nje wanawake wote ambao kipimo kiliwaambia hawana cha kupandikiza. Ukiwaondoa walioshindwa kabla ya kuhesabu, asilimia lazima ipande. Kila kliniki itakiwe kutoa idadi ya watoto waliozaliwa hai kwa kila mwanamke aliyeanza tiba, kwa makundi ya umri, waliopimiwa na wasiopimiwa kando kando, na takwimu hizo ziwasilishwe wizarani na pia katika rejista ya Afrika ya huduma hizi, ANARA, ambayo tayari inapokea takwimu kutoka kliniki za bara hili.

Anayetaka kujaribu kiashiria kipya ajaribu, kwa kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kwa kundi linganishi, na kwa gharama za mtafiti. Mgonjwa asilipishwe ili awe sehemu ya jaribio bila kujua. Kwa kuwa afya si jambo la Muungano, naomba pia wizara iwashirikishe wenzetu wa Zanzibar mapema, maana wagonjwa huvuka bahari kila wiki, na mwongozo ukiishia Kigamboni hautakuwa umemlinda mtu.

Niko tayari kuja mbele ya jopo lolote mtakaloliunda, pamoja na wenzangu wa maabara na wale wagonjwa walionipa ruhusa ya kuwasemea, tukiwa na fomu za ridhaa na karatasi za majibu ambazo majina yamefutwa, ili mjionee wenyewe kilichoandikwa na kile ambacho hakikuandikwa.

Naomba kuwasilisha.

Mtaalamu wa maabara ya viinitete,
Dar es Salaam